Bendera ya Lastikia

Mkasi mkubwa mweusi wa mama mkwe hauguswi. Unalala kwenye meza ya kukatia, na anayeushika ndiye anayekata kitambaa, ndiye anayezungumza na wateja, ndiye anayeamua nani akae kwenye mashine gani. Sisi wengine tunashona kilichokwisha kukatwa. Mimi, tangu mwanawe anioe, kazi yangu ilikuwa kukunja pindo na kutia kamba. Pindo na kamba, pindo na kamba, na huku najua kukata kuliko wote mle karakanani ukimtoa yeye mwenyewe. Mume wangu nikimlalamikia alikuwa anasema, "Mwambie mama." Mwanamume mwenye akili, anajua kukaa mbali na moto.

Tunashona bendera. Za mezani, za mlingoti, za kupeperushwa uwanjani, nchi yoyote mteja atakayoitaja. Mle ndani tuko wanne: mama mkwe kwenye meza yake, wifi yangu kwenye mashine ya dirishani yenye upepo, mimi mlangoni penye vumbi, na fundi wa kutarizi nembo, ambaye tunamwita Kimya kwa sababu hajawahi kunyamaza. Simu zetu zinakaa kwenye kopo la biskuti mpaka jioni. Hiyo ni amri tangu Kimya aliposahau pasi juu ya Ureno akiangalia video ya mtu anayeanguka kwenye ngazi.

Sasa, mikono ikifanya kazi na midomo ikikaa bure, watu wanagombana. Mama mkwe alilijua hilo, akaweka mchezo. Kila mchana, joto la pasi likishatujaa, mmoja anauliza swali la nchi, na anayeulizwa akishindwa ndiye anayefumua kazi yote iliyoharibika siku hiyo. Kufumua ni adhabu hasa. Unakaa na kisu kidogo unachokonoa uzi mmoja mmoja, shingo inakufa, macho yanatoa machozi, na mwisho wake huna cha kuonyesha isipokuwa kitambaa kilichorudi kuwa kitambaa. Mimi nilifumua sana. Wifi alifumua kidogo. Mama mkwe hakufumua kwa kushindwa swali hata siku moja.

Yule mama alikuwa na dunia nzima kichwani, na hakuwahi kuvuka mpaka wowote. Aliipata kwa mikono na kwa maswali. Mteja akija kuagiza bendera, hatoki mpaka ahojiwe: nchi hiyo iko wapi, ina mto gani, watu wake wanaishi kwa kazi gani. Usiku anasikiliza redio. Ukimuuliza nchi gani bendera yake si ya pembe nne, anakujibu Nepal kabla hujamaliza kuvuta pumzi, na anaongeza kwamba pembe zake zinasumbua kukunja. Ukimuuliza Monako na Indonesia zinatofautianaje, anakwambia rangi ni zile zile, nyekundu juu na nyeupe chini, ila Monako inakuwa fupi kidogo, na ukiigeuza juu chini umepata Poland na umepoteza mteja.

Siku moja alivua miwani, akaifuta kwa pindo la kanga, akatutazama sote.

"Sikilizeni. Macho yangu yameanza kunisaliti. Jana nimekata Uswisi ikaja mstatili, na Uswisi ni mraba. Kwa hiyo atakayeniuliza swali la nchi nikashindwa kulijibu, mkasi ni wake. Awe binti, awe mkwe."

Wifi alicheka, akaendelea kushona. "Mama nawe. Si useme tu mkasi ni wangu, uache kutuzungusha?"

"Si wa mtu," alisema mama mkwe. "Uliza."

Wifi hakuuliza. Alijiona ameshaurithi, na mwenye urithi hana haja ya kuhangaika. Nami kile kicheko chake kilinikaa kooni. Nikaapa, wallahi, mkasi huu nitaushika kabla ya huyu.

Nilijitia kwenye maswali kama mtoto anayekaribia mtihani. Asubuhi nilisikiliza redio nikipika uji, jioni nilimsumbua mume wangu anitafutie nchi za ajabu kwenye simu. Kesho yake nikafika karakana nimevimba.

"Mama, nchi gani imezungukwa pande zote na nchi moja tu?"

"Lesotho. Na San Marino. Na Vatikani. Uliza ya watu wazima."

"Nchi gani bendera yake mbele na nyuma hazifanani?"

"Paragwai. Umesahau ile uliyoitia kamba upande usio wake, nikafumua mimi mwenyewe ili usiaibike mbele ya mteja?"

Nilikuwa nimesahau, na laiti wifi asingesikia.

"Nchi gani ilikuwa na bendera ya kijani kitupu, haina hata doa?"

"Libya, zamani." Akatabasamu kabisa. "Raha ya fundi ile. Unakata, unakunja, unakwenda zako kunywa chai."

Ikawa hivyo siku baada ya siku. Nikimpeleka kwenye visiwa yuko huko, nikimpeleka jangwani ananisubiri. Na kila niliposhindwa kumshinda, wifi alikuwa anaimbaimba kwa pua, wimbo usio na maneno, wa kuniudhi tu.

Kisha ikaja oda kubwa ya ukumbi wa mikutano. Nchi kwa nchi, zote za mlingoti, na muda wenyewe mfupi. Tulishona mpaka vidole vikaota sugu juu ya sugu. Mchana mmoja wa siku hizo, mama mkwe akiwa ameinama juu ya kitambaa, wifi akasema kwa sauti ya kunibembeleza, "Wifi, leo huna swali? Au dunia imekwisha?"

Nikainua macho kutafuta chochote, na mbele yangu kwenye rafu palikuwa na rola kubwa la lastiki, ile ya viuno vya sketi, imebaki tangu tulipokuwa tunashona sare.

"Ninalo," nikasema. "Mama, bendera ya Lastikia ina rangi gani?"

Mashine zikanyamaza. Kimya naye akanyamaza, jambo ambalo peke yake lilistahili kuandikwa gazetini. Mama mkwe hakuinua uso. Mkasi ulikata mpaka mwisho wa mstari, ukageuka, ukaanza mstari mwingine.

"Kijani juu," alisema. "Manjano chini. Katikati mbuzi mweusi, anatazama nyuma."

Ningesema nini? Ningesema amekosea, angeniuliza rangi sahihi ni zipi. Ningesema nchi hiyo haipo, wote wangeniuliza kwa nini basi nimeiuliza, na hapo ningekuwa mwongo mbele ya wifi, Kimya, na lile rola la lastiki.

"Ndiyo hiyo hiyo, mama," nikasema. "Umepata."

"Umenikumbusha jambo," alisema mama mkwe, akielekea kwenye kapu la mabaki. "Lastikia haimo kwenye oda ya ukumbi. Watu wale wamepitiwa. Tusiwaache waaibike." Akavuta kipande cha kijani, akavuta kipande cha manjano, akavipima kwa jicho, akakata. "Wewe uliyeikumbuka ndiye utakayeishona."

Kimya alishapata ulimi wake. "Mama, mbuzi wa Lastikia pembe zake zimenyooka au zimepinda?"

"Zimepinda. Za kunyooka ni za jirani zao."

"Nilijua tu," alisema Kimya, akachora. "Mjomba wa rafiki yangu aliwahi kufanya kazi huko. Baridi yake, anasema, usiombe."

"Mbona nimesikia ni joto," alisema wifi.

"Joto ni la pwani. Huyu alikuwa milimani."

"Ah, milimani sawa." Wifi akatikisa kichwa kama mtu aliyepanda milima hiyo kwa miguu yake. "Halafu ni watu wakarimu, wale."

Nami niliinamia pindo la nchi niliyoizaa kwa mdomo, huku wenzangu wakiijaza watu, mvua na reli. Kufika saa ya chai, Lastikia ilikuwa na viwanda vya viatu. Nilipomaliza, mama mkwe aliipitisha mkono, akasema pindo limekaa vizuri. Alikuwa hajawahi kulisifu pindo langu lolote, na nilichukia kwamba alilisifu lile.

Siku ya kupeleka, niliizika bendera ile chini kabisa ya kapu, chini ya Zimbabwe. Mpango wangu ulikuwa mwepesi: kapu likibaki na moja, nitasema ni ya akiba. Ukumbi wenyewe ulikuwa na zulia jekundu na viti vilivyopangwa kwa kamba, na kijana mmoja afisa itifaki, tai imemkaba, karatasi mkononi, anayezunguka akinyoosha vitu ambavyo tayari vimenyooka. Tulitundika kuanzia A. Wifi alipanda ngazi, mimi nikampa, mama mkwe akasimama chini akikagua. Tulipofika kwenye L, mkono wa mama mkwe ukaingia ndani ya kapu hadi kiwikoni, ukapapasa, ukatoka na mbuzi.

"Hii je?" aliuliza afisa itifaki.

"Lastikia," alisema mama mkwe.

Kijana akatazama karatasi. Akatazama bendera. Akarudi kwenye karatasi. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyesalimiwa njiani na mwenye kumjua vizuri, naye hakumbuki jina lake hata kwa dawa.

"Kwenye orodha yangu..." alianza.

"Haipo?" aliuliza mama mkwe, polepole sana.

"Hapana, hapana, mama! Ipo. Yaani, walithibitisha jana jioni. Orodha hii ni ya asubuhi." Akapangusa paji la uso. "Lastikia! Ndiyo. Inakaa..."

"Baada ya Laos, kabla ya Latvia."

"Barabara kabisa."

Akaagiza mlingoti uongezwe. Kisha akaagiza kiti. Kisha chupa ya maji, glasi iliyofunikwa, na kibao cha jina kilichoandikwa kwa herufi kubwa. Nikasimama pale nikiona uongo wangu unawekewa maji ya kunywa.

Haikuishia hapo. Wajumbe waliofika mapema walianza kutembea katikati ya bendera, na mzee mmoja mwenye fimbo na suti ya kijivu akasimama mbele ya mbuzi. Alimwangalia muda mrefu. Akaomba apigwe picha naye. Kisha akanigeukia mimi, kwa kuwa nilikuwa karibu na nimevaa kizibao cha kazi.

"Binti, kwa nini anatazama nyuma?"

"Anaangalia nani ameachwa, mheshimiwa," nikasema. Maneno yalitoka yenyewe.

Mzee alitikisa kichwa taratibu. "Taifa lenye hekima," alisema, akaenda zake.

Wifi alikuwa juu ya ngazi, amesikia yote, ametoa macho kwa heshima. Hapo ndipo afisa itifaki alipopita akimweleza mwenzake kwamba kwenye ufunguzi mwenyekiti atazikaribisha nchi zote kwa majina, moja moja, na kila ujumbe utasimama. Niliona kabisa: jina linaitwa, kiti kitupu, watu wanageuka, mtu mmoja mwenye simu anatafuta, na kabla ya jioni sisi ndio mafundi wanaoshona nchi za uongo. Nani angetuletea kazi tena? Na mkasi? Mkasi ningeuona kwa macho tu, mpaka nizeeke mlangoni na vumbi langu.

Nikamshika mama mkwe mkono, nikamvuta nyuma ya pazia zito la jukwaani.

"Mama," nikasema, "nchi ile haipo."

"Ipi?"

"Lastikia. Nilitazama rola la lastiki nikaibuni. Nilitaka mkasi. Haipo, mama, haijawahi kuwepo, na mimi ndiye niliyesema uongo, si wewe."

"Najua," alisema mama mkwe.

"Unajua?"

"Mwanangu, mimi nchi nimezishona zote. Nyingine zimezaliwa nikiwa nashona, nyingine zimekufa nikiwa nazo kwenye mashine. Unadhani ingenipita moja yenye jina la kiuno cha sketi?"

Nilikosa pa kuuweka uso. Kisha hasira zikanijia kunisaidia. "Kama ulijua, basi jibu hukuwa nalo! Ulishindwa tangu siku ile. Mkasi ni wangu!"

Alisogeza pazia kwa kidole kimoja. "Uliniuliza bendera yake ina rangi gani. Nilisema nini?"

"Kijani juu, manjano chini. Mbuzi."

"Tazama pale. Kuna nilichokosea?"

Kijani ilikuwa juu, manjano ilikuwa chini, na mbuzi alinitazama moja kwa moja, maana nyuma yake nilikuwa mimi.

"Mbona umeileta mpaka huku?" nikauliza.

"Nilitaka kuona utaibeba mpaka wapi kabla hujasema. Umeibeba mbali. Una kifua." Akaliachia pazia. "Sasa kama unataka, kaishushe. Mwambie yule kijana nchi aliyoithibitisha jana jioni haipo."

Nikachungulia. Kijana wa watu alikuwa anakinyoosha kiti cha Lastikia kwa vidole viwili, ulimi umemtoka kidogo kwa umakini. Nikarudi nyuma ya pazia. Mama mkwe alikuwa anacheka. Alicheka bila sauti, tumbo likitikisika, mpaka akashika ukuta, na mimi nikaona nacheka pia, tukawa wawili tumeshikana kama wezi. Nilimpenda dakika ile, na nikaudhika kwamba nimempenda.

Alipoishiwa na kicheko aliketi kwenye ngazi ya jukwaa, akavua kiatu, akasugua unyayo. Kupitia uwazi wa pazia bendera zilionekana zote, kutoka mwanzo hadi mwisho, na zote alizikata yeye. Alizitazama kwa namna ambayo sikuwahi kumwona akitazama kitu. Sikuwa nafikiria mkasi. Nilikuwa nimechoka, nikaketi pembeni yake, nikauliza kwa sababu nilitaka kujua.

"Mama, katika nchi zote hizi, wewe ungependa kwenda ipi?"

Alifungua kinywa haraka, kama kawaida yake. Halafu akakifunga. Akatazama upande wa A. Macho yakatembea polepole, yakapita katikati, yakafika Zimbabwe, yakarudi.

"Mimi?" alisema.

"Wewe."

Hakujibu. Wifi akaja kutuita, ngazi imekwisha kufungwa, gari linasubiri. Njia nzima mama mkwe alikaa dirishani na kapu tupu mapajani, na hata Kimya alipokuja mlangoni kutupokea na habari zake, hakumsikia. Aliingia karakana, akaenda kwenye meza ya kukatia, akauchukua mkasi. Akaja nao mlangoni kwangu, akauweka juu ya mashine yangu.

"Mama!" alisema wifi.

"Nimeulizwa swali la nchi," alisema mama mkwe. "Nimeshindwa."

"Swali gani hilo? Mbona sisi hatukulisikia?"

"Ungeuliza wewe, ungelisikia."

Wifi alinuna siku kadhaa, akanirushia madonge ya uzi badala ya kunipa mkononi. Hasira zilimtoka nilipompa kukata Ufaransa, mistari mitatu iliyonyooka, akaikata vizuri kuliko tulivyodhani. Mkutano nao ulikwisha kwa amani. Mwenyekiti aliikaribisha Lastikia, kwenye kiti chake hakusimama mtu, na afisa itifaki akatangaza kwamba ujumbe wao umekwamishwa na hali ya hewa. Wajumbe wakapiga makofi ya pole. Kimya aliposimuliwa alisema, "Si niliwaambia, baridi ile?" Kijana mwenyewe alikuja baadaye kuagiza kazi ya mkutano mwingine, na kabla hajaondoka aliinama mezani kwangu akaniomba, kwa sauti ya chini, Lastikia moja ndogo ya mezani, asije akapitiwa tena. Nilimwambia itakuwa tayari.

Niliikata mwenyewe. Mama mkwe alikuwa amechagua mashine yangu ya zamani, ya mlangoni, akidai kule mwanga unafaa macho yake. Alikuwa anakunja pindo. Nilimpa mbuzi amalizie ukingo, naye akaishika bendera ile ndogo kiganjani, akaigeuzageuza.

"Lastikia," alisema, "kuna bahari?"

Nikageuka kumtazama. Tangu niijue sura yake hakuwahi kuuliza swali la mchezo ambalo jibu lake hakuwa nalo tayari. Wifi alisimamisha mashine. Kimya naye, kwa mara ya pili mwaka huo, alinyamaza. Mama mkwe alikuwa ananisubiri, sindano hewani, na hakuwa anatania.

Nikainamia kitambaa. Nilikata mpaka mwisho wa mstari, nikageuza mkasi, nikaanza mstari mwingine.

"Ipo," nikasema, bila kuinua uso. "Upande wa kusini. Unashuka kwenye treni, unatembea kidogo, unaiona."

"Haya," alisema mama mkwe, akaendelea kukunja. "Basi nitachukua viatu vyepesi."